Nani Amegusa Waya wa Kaunta ya Tatu?

Saa moja na nusu asubuhi, duka halijafunguliwa, na fundi amepiga magoti chini ya kaunta ya tatu huku simu yenye tochi ameibana kidevuni. Analalamika peke yake.

"Nani amegusa waya?"

Hakuna aliyegusa. Miaka kumi na moja katika kazi hii, hajawahi kukutana na mtu aliyegusa waya.

Makeshia humwita Mama Karatasi. Anaweka na kutunza draiva za printa za risiti, yaani programu zinazoifanya kompyuta ielewane na printa. Anahudumia maduka kumi na manne, na simu yake huita hadi mara thelathini kwa siku. Huyu kapindua karatasi, risiti zinatoka nyeupe pee. Yule kashusha mtandaoni draiva ya printa nyingine kabisa, sasa inatema herufi zisizosomeka.

"Halafu ananiambia, 'Fundi, mashine yako mbovu.' Yangu tangu lini?" anamwambia mwandishi wa makala haya.

Leo kuna kubwa zaidi. Keshia wa kaunta hii, binti mwenye miezi mitano kazini, amekaa kwenye kreti tupu, macho mekundu. Wiki nzima printa yake imegoma kila asubuhi na wateja wameondoka bila risiti. Mwenye duka ameshaamua kwamba binti anaigomesha makusudi ili atie hela mfukoni. Barua ya kumfukuza imeshaandikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umegusa waya?"

"Haki ya Mungu, sijagusa."

"Wote husema hivyo," anajibu fundi, lakini anawasha kompyuta.

Ukichomoa waya wa printa na kuuchomeka kwenye tundu jingine la kompyuta, kompyuta huiona printa ni mgeni. Inaiwekea draiva upya na kuipa jina jipya, huku programu ya mauzo ikituma risiti kwa ile ya zamani, ambayo haipo tena. Kwenye orodha zipo printa sita. Kaunta ina moja. Fundi anasonya.

Bahati nzuri, kompyuta huandika kila mgeni ameingia saa ngapi. Anasoma kwa sauti: Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini usiku. Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi. Jumatano, saa tatu kamili, na hivyo hivyo hadi jana.

"Makeshia hutoka saa ngapi?"

"Saa mbili," anajibu mlinzi kutoka mlangoni.

"Anabaki nani?"

Mwenye duka, aliyesimama nyuma yao, anakohoa.

"Mimi huwa nauchomoa nichaji simu tu hapo, kisha naurudisha," anasema. "Kwani tundu si tundu?"

"Si tundu, bosi. Nilikuambia mwaka juzi, nikakuambia mwaka jana, mpaka nikapaka rangi ya kucha hapo ili uone."

Mwenye duka anamgeukia binti. "Haya, yameisha. Nimekusamehe, rudi kazini."

Duka hili peke yake humpa fundi karibu theluthi ya mapato yake, na ana watoto wawili shuleni. Anaweka bisibisi chini.

"Umemsamehe kosa gani?"

Bosi anatoa barua mfukoni, anaichana vipande vinne. "Pole, binti yangu," anasema, sauti haifiki mlangoni.

Nje, fundi anaeleza mpango wake. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumapili, atawakusanya makeshia wa maduka yote na kuwafundisha bure kuisoma ile orodha wenyewe. Je, wakijua wote, yeye atakula wapi?

"Nitajua mwenyewe," anasema, na kwa mara ya kwanza hasira inamtoka usoni. "Binti huyu amenipigia mara tisa wiki hii. Nilijua ni yale yale ya kupindua karatasi, sikupokea hata moja. Leo nimekuja kwa sababu aliyepiga ni bosi."