Mbegu za Maboga Zilizokamatwa Getini

Nina hasira, na sitaki mtu afikiri naificha. Mume wangu ni mpishi wa shule ya bweni. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo sijamsikia akipandisha sauti. Akikanyagwa mguu, anayeomba radhi ni yeye. Wanafunzi wanamwita Mjomba Ukoko, kwa sababu wanaochelewa chakula huwakwangulia chini ya sufuria wasilale njaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: moyo anao. Ila upole nao una kipimo, na wa kwake ulikuwa umenifika hapa kooni.

Mwaka huu jua lilichoma mashamba, mboga zikaadimika sokoni, na kila mwenye kauwanja kake akaamua kulima. Mbegu zikaisha madukani kabla sisi hatujashika jembe. Mwenye duka la pembejeo alibandika karatasi mlangoni: MBEGU HAKUNA, NA USIULIZE ZINAKUJA LINI. Mimi niliuliza. Akanionyesha karatasi kwa kidole, kana kwamba sijui kusoma. Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Nyumbani tuna kipande cha ardhi nyuma ya bafu, yanakotokea maji ya kuogea. Mume wangu alichimba matuta manne, akachanganya samadi, akayalainisha kwa mikono kama anayekanda unga. Kisha akakaa juu ya ndoo akiyatazama. Matuta tulikuwa nayo, cha kupanda hatuna.

Ndipo akakumbuka maboga. Shuleni huwapikia wanafunzi maboga kila wiki, magunia kwa magunia, na mbegu zake hutupwa. Jumatano moja alirudi na mbegu kwenye karatasi, akazipanda kwa heshima zote, akamwagilia asubuhi na jioni. Wiki mbili, kimya. Nikafukua moja, nikaibinya, ikatoka uji mtupu.

"Baba watoto," nikamwita, "hizi ulizitoa kabla ya kupika au baada?"

Akafikiri. "Baada. Maboga huwa tunayachemsha mazima, maganda yatoke vizuri."

Miaka ishirini na sita jikoni, na mtu kapanda mboga iliyoiva! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, halafu akaniomba samahani. Ya nini, sijui.

Wiki iliyofuata hakukosea. Aliteua boga kubwa lililokomaa, akalipasua likiwa bichi, akachambua mbegu moja moja, zilizonenepa akaziosha utelezi na kuzianika nyuma ya jiko. Maganda na matumbo ya boga akayatia kwenye pipa la taka kama kawaida. Na pipa lile kila mtu pale shuleni anajua linakokwenda. Kila jioni naibu mwalimu mkuu hulipakia kwenye gari lake akawalishe mbuzi wake. Hakuna anayemkagua.

Mume wangu alikaguliwa. Mlinzi alimkuta na mbegu mfukoni, akamrudisha ofisini. Mwalimu mkuu akasema kila kinachoingia shuleni ni mali ya shule, hata kikiwa taka, na kukitoa bila kibali ni wizi. Akazitia mbegu kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: USHAHIDI. Mume wangu akasimamishwa kazi mpaka shauri lake lisikilizwe. Mnajua alijibu nini? Alisema samahani.

Aliponisimulia, nilimgombeza yeye badala ya waliomwonea, na hilo linaniuma mpaka leo.

"Umeomba radhi ya nini? Kwani uliiba?"

"Nilitaka yaishe, mama watoto."

"Yataishaje na wewe umeshakubali?"

Akatoka kwenda kung'oa magugu kwenye matuta yasiyo na kitu.

Mvua ikaja. Majirani waliobahatika wakapanda, na sisi mbegu zetu zimefungiwa ofisini kama mahabusu. Nilikwenda mara mbili kuomba watupe tuzipande, shauri lao wasikilize watakapo. Karani akanijibu kwamba ushahidi haupandwi. Mtaani nako maneno hayakukawia. Mwanamke mmoja tuliyezoea kuazimana chumvi alinisalimia huku akikumbatia kapu lake, kana kwamba wizi ni ugonjwa na mimi nimeshaambukizwa. Watu wamekula kwa mkono wa mume wangu tangu wakiwa watoto, leo wanakumbatia makapu!

Wiki ya nne tukaitwa. Barua ilimtaka aje na mtu wa familia, na njiani aliniapisha kwamba nitafunga mdomo. Ofisini walikuwa watatu: mwalimu mkuu, naibu wake mwenye mbuzi, na karani. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba shule imeamua kumhurumia. Kesho atarudi jikoni, mradi atie saini barua ya kukiri kwamba aliiba mali ya shule. Akaisukuma barua mbele yake, kalamu juu yake.

Nilimtazama mume wangu akiisoma. Akisaini, tutakula, na jina la mwizi atazikwa nalo. Asiposaini, jina litakuwa safi na sufuria tupu. Nilijua atasaini. Nilishaanza hata kumkasirikia. Akaichukua kalamu.

"Nitasaini, Mwalimu Mkuu. Ila naomba mbegu zangu. Mvua bado haijakatika, naweza kuwahi."

Mwalimu mkuu akavuta droo. Bahasha ilikuwemo, imelala bapa. Akaipindua, hakikudondoka kitu. Akamtazama karani, karani akamtazama naibu, naibu akakohoa.

"Zile?" karani akasema. "Si tulizikaanga, mzee? Siku ile ya chai ya saa nne. Hata wewe ulisema ni tamu."

Nilifungua mdomo, kiapo au si kiapo, lakini mume wangu akanigusa mkono.

"Mlikula wote watatu?" akauliza.

Karani akaitikia kwa kichwa.

"Mlitia chumvi?"

"Kidogo," karani akajibu, maskini, kana kwamba ameulizwa na mpishi.

Mume wangu akaiweka kalamu chini, taratibu. "Basi andikeni barua nne. Yangu, na za nyinyi mliokula. Mkishasaini zenu, mniite nisaini yangu."

"Yaani unakataa kazi kwa ajili ya mbegu za maboga?" mwalimu mkuu akafoka.

"Hapana, Mwalimu Mkuu. Nakataa kuitwa mwizi na nyinyi mliozila."

Alilisema kwa sauti ileile ya siku zote. Naibu akaanza kueleza habari ya taratibu za shule, lakini hakuna aliyemsikiliza, hata mwalimu mkuu mwenyewe. Mume wangu akasimama, akakirudisha kiti mahali pake, tukatoka.

Hatujaitwa tena. Mvua imekatika, kazi hatuna, mbegu hatuna, na nasikia kule jikoni wamemweka mtu anayeunguza maharage.

Siku ile tulipotoka ofisini, njiani aliniuliza, bila kunitazama, kama nimekasirika.

"Nimekasirika," nikamwambia. "Ila si na wewe."

"Na nani?"

Nikaanza kuwataja mmoja mmoja. Tulipofika nyumbani nilikuwa bado sijamaliza.