Niliandika wosia, ndugu wakaja kunizika nikiwa mzima

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Ni mkulima wa mpunga hapa Ifakara. Nimeishi na mama watoto wangu, Sesilia, miaka kumi na mbili bila ndoa.

Nyumba tumejenga wote, maji ya kufyatulia tofali kabeba yeye. Ila kiwanja kina jina langu peke yangu.

Mwaka jana jirani yetu alifariki. Mwanamke aliyeishi naye akatolewa nje na mashemeji hata turubai la msiba halijakunjwa.

Nikaogopa. Nikaenda kwa wakili, nikaandika wosia: nyumba na power tiller, kile kitrekta cha mkono cha kulimia, kwa Sesilia, shamba la Namawala kwa watoto, ekari moja alime mama yangu mpaka mwisho wake. Mashahidi wakasaini.

Kosa langu nilimwambia dada kwa simu. Network mbovu, akaambulia neno "wosia" tu.

Jumamosi asubuhi nipo uani nafunga cheni ya baiskeli, gari aina ya Noah ikasimama. Ndugu kumi na moja kutoka Masagati! Mikeka, mchele, sufuria za msiba kabisa.

Shangazi akanitazama, akakaa chini. "Kumbe unatembea?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ngoja kwanza! Unaumwa nini?"

Nikasema siumwi. Baba mdogo akanigusa paji la uso, akatangaza joto lipo. Wakuu, jua la Ifakara mnalijua, nani hana joto?

Basi mchele ukapikwa. Tukiwa tunakula, baba mdogo akakohoa.

"Kwa kuwa tupo wote, tuyaweke sawa. Power tiller nitaichukua mimi. Sesilia ni mtoto wa watu, atarudi kijijini kwao, Mbingu."

Nimekaa pembeni yake, nyama mdomoni!

Sesilia akaweka sahani chini. Hapo moyo uliniuma kweli.

Nikaingia ndani, nikatoka na nakala ya wosia, nikawasomea yote mpaka saini.

Baba mdogo akang'aka, "Huo mimi siutambui!"

Shangazi akacheka mpaka machozi. "Utautambua tu. Umeshaona wapi marehemu anakubishia?"

Walipoondoka, Sesilia akaniambia, "Karatasi hii nimeielewa. Ile ya kanisani unasaini lini?"

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Baba mdogo alikuja, akala vizuri tu.

Nilichojifunza: wosia hauiti kifo, unaita ndugu. Bora waje wakukute unaweza kujibu.

Wanasheria wa humu, kama kuna nilipokosea nisahihisheni. Na wewe unayeishi na mwenza bila karatasi yoyote, nini kinakuzuia?