Polisi Aliyepiga Odi

Shemeji yangu alikuwa polisi, na sikumbuki hata siku moja akiingia nyumba ya mtu bila kupiga odi. Hata kwake mwenyewe alisimama kwanza nje ya ukuta, akasafisha koo, akasema "Odi," akangoja aitikiwe ndipo avuke mlango. Watu wa mtaa walimcheka, nami kwa ulimi wangu huu nilikuwa wa kwanza. Lakini alikuwa na sababu. Mama yetu aliishi naye, na kwetu sisi tuliotoka Kasai mtu na mama mkwe wake hawakutani ovyo ovyo. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Ile odi ilimpa mama nafasi ya kuokota kitambaa chake na kuhamia upande wa jikoni.

"Polisi gani weye?" yaya alikuwa akimtania. Yaya ndiye dada yangu mkubwa, mke wake. "Unapiga odi mu nyumba yako sawa mugeni?"

Alitabasamu tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kusema kweli miaka ya mwanzo nilidhani yaya ameolewa na gogo.

Kuna jambo lingine kuhusu odi, nalieleza kwa sababu bila hilo hutaelewa alivyokufa. Kwetu mwanaume akipiga odi na mwenye nyumba hayupo, hakaribishwi ndani. Mama wa nyumba hutoka na kiti, anakiweka uani mahali ambapo kila mpita njia anaona. Mgeni anakaa hapo, analetewa maji ya kunywa, anasema kilichomleta, anakwenda zake. Hiyo ni adabu ya kawaida kabisa. Hata watoto wanaijua.

Kiangazi kile, watu watatu wenye bunduki walimvamia mnunuzi wa madini kwenye barabara ya Kambove. Walimuua yeye na dereva wake, ingawa walikuwa wamekwisha kupewa kila walichotaka. Siku iliyofuata walimuua mchimbaji mmoja aliyewaona wakipita, kisha wakazama porini. Mji wetu wote wa Likasi ukaingiwa na baridi nyingine juu ya baridi ya kiangazi chetu cha Juni. Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu iko kwenye baraza ya mbele. Nilianza kufunga kazi jua lingali juu. Kanisani tuliomba mpaka sauti zikakauka. Wengine waliombea polisi, wengine waliomba wale watu wavuke tu waende wakaue kwingine, na sala hizo zote zilipanda pamoja.

Kikosi cha shemeji kilitumwa kuwasaka. Hakikuwa kikosi cha kutisha. Walikuwa na mablanketi machache, unga, samaki wakavu, na viatu vya kila aina. Yaya alimfungia sweta yake ndani ya mfuko, akamwambia asiwe mbele. Alisema, "Acha bijana benye habana bibi na batoto batangulie." Shemeji akacheka, akasema ameisikia amri.

Pori letu wakati huo linachomwa moto na wawindaji, majani yanakuwa majivu, na katikati ya miti kuna wachoma makala, yaani makaa ya miti, wenye matanuru yao ya udongo. Kwa hiyo kuna moshi kila upande. Shemeji alikuwa akipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na kutoka huko alimpigia yaya simu. Nilikuwa karibu, yaya akafungua sauti tusikie wote.

"Moshi iko kila pahali," alisema. "Tunaona moshi, tunatambaa sawa nyoka, tunakuta tu mama na batoto yake banachoma makala. Bote banatuogopa. Miye naona haya."

Akauliza kama mama amepona kikohozi. Yaya akamjibu kwamba mama anaendelea vizuri, na kwamba aache kuona haya, aangalie maisha yake. Simu ikakatika hapo.

Habari ya kifo chake tuliletewa na mkuu wa kikosi mwenyewe, mchana, na bahati mbaya alifika wakati mama amekaa mlangoni akichambua maharagwe, hivyo yeye ndiye aliyesikia wa kwanza. Mkuu alisema shemeji ameanguka kishujaa, kwamba wawili kati ya wale wahalifu wameuawa na wa tatu amekamatwa. Yaya alitaka kujua imekuwaje. Hapo yule bwana mkubwa akaanza kutazama kofia yake. Maneno yenyewe tuliyapata siku ya mazishi, kutoka kwa askari aliyekuwa naye, kijana ambaye alizungumza akiwa ameinamisha kichwa.

Walikuwa wawili, wametangulizwa na kikosi. Kijana aliteguka mguu, akabaki nyuma akijikokota. Alipofika juu ya kilima kidogo alimwona shemeji chini, kwenye ua wa mchoma makala mmoja. Alimsikia akipiga odi. Alimwona mwanamke akitoka na kiti, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wakasalimiana. Mwanamke akachukua ndoo, akaondoka na watoto wake kuelekea mtoni. Shemeji akabaki ameketi kwenye kiti, bunduki imelala mapajani, amegeukia mlango wa kibanda. Alikaa muda mrefu. Kijana alikuwa anajiandaa kushuka naye akapate maji, ndipo risasi zikatoka ndani ya kibanda. Kikosi kikakimbilia huko, mapigano yakaanza, lakini shemeji alikuwa amekwisha kukata roho.

"Hakuyua kama beko mule," kijana alisema. "Alikaa tu. Alikuwa anangoya mayi."

Habari hiyo haikukaa nyumbani kwetu. Ilitoka, ikatiwa chumvi, na baada ya muda mfupi mjini pote palikuwa na kichekesho cha polisi aliyepiga odi kwa majambazi akaketi kungoja bukari, ugali wetu. Katika soko watu walisema ukienda kudai chako usiketi kama yule polisi. Mteja mmoja alinitolea kichekesho hicho nikiwa nampima kiuno, hajui mimi ni nani. Nilikunja utepe wangu, nikampa kitambaa chake, nikamwambia atafute mshonaji mwingine mwenye moyo wa kucheka.

Lakini mimi nilikuwa na hasira na watu. Yaya alikuwa na hasira na marehemu. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani, na wanawake waliokuja kulia naye waliondoka wakinong'ona. Alinifungulia moyo mara moja tu, tukiwa tunafua.

"Nilimuambiaka asikuwe mbele. Anaenda mbele. Bantu ya kuua beko mu pori, ye anakaa ku kiti. Ananiachia batoto ine sababu ya adabu." Akakamua shati la mtoto kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka. "Siwezi kulilia mujinga."

Niliogopa neno hilo. Watoto wake walikuwa wanasikia, na niliona wazi kwamba ndivyo watakavyokua, wakijua baba yao alikuwa mjinga. Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Nilimpenda yule mtu, gogo au si gogo.

Mwishoni mwa kiangazi, mwanamke mwembamba alisimama nje ya ukuta akapiga odi. Mtoto mgongoni, mwingine ameshika nguo yake. Nilitoka na kiti kwa mazoea tu, nikamuuliza anamtafuta nani. Akasema anamtafuta bibi wa polisi. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilimkaribisha jikoni, ambako yaya alikuwa ameweka maji ya bukari motoni.

Alisema angekuja mapema, ila alikuwa amefungwa. Polisi walimchukua siku ile ile, yeye na mumewe aliyekuwa amekwenda kuuza makala mjini, wakidhani ndio waliowaficha wale watu na kwamba yeye alimkalisha mgeni makusudi auawe. Wameachiliwa juzi tu, baada ya yule jambazi wa tatu kusema ukweli.

"Ukweli gani?" yaya aliuliza. Hakuwa amemtazama bado.

Mwanamke akaeleza, polepole, huku akimtikisa mtoto mgongoni. Wale watatu walikuwa wamelala kwake tangu usiku. Shemeji alipopiga odi walishika bunduki, wakamwambia atoke na watoto wake kama kawaida, amwambie polisi hakuna mtu aliyepita, amwondoe. Wao hawakutaka kupiga risasi, maana mlio ungeita kikosi. Walitaka aende zake tu.

"Nilitoka na kiti. Nilipoinama kumusalimia nilimuambia pole pole, 'Beko mu nyumba, batatu.'"

Yaya akageuka.

"Alisikia?"

"Alisikia, mama. Macho yake ilibadilika. Lakini alisema na sauti ya nguvu, 'Aksanti mama, niko na kiu sana. Enda uchote mayi ya muto, na batoto bakusindikize.' Halafu alisema chini chini, 'Usigeuke. Usikimbie. Ukifika ku muto, ndipo ukimbie.' Na alikaa."

Maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyetia unga. Nilimuuliza swali ambalo yaya hakuweza kuliuliza, kwamba je, shemeji hakuwa na njia ya kuondoka.

"Alikuwa nayo. Balikuwa banataka aende. Kama angesimama, angesema aksanti na kuenda, bangemuacha." Akafuta pua ya mtoto wake kwa kidole. "Lakini sisi tungebakia nabo. Na kama tungeenda sisi bote pamoya naye, bangepiga. Ndiyo sababu alikaa. Mugeni akiwa ku kiti, mama anarudia na mayi. Balikuwa banangoya nirudie. Nilitembea, nasikia mugongo yangu yote inalia, na sikugeuka. Tulipofika ku muto nilikimbia. Risasi ilianza nyuma."

Kwa hiyo yule kijana pale kilimani aliona kila kitu na hakuelewa lolote. Aliona mtu ameketi akingoja maji. Kumbe mtu yule alikuwa anawanunulia watu watatu njia ya kufika mtoni, hatua kwa hatua, kwa kukaa kimya mbele ya mlango wenye bunduki tatu. Nilijawa na fahari mpaka nikaona aibu kwa sababu ya yaya. Nilitaka kutoka nje nikawapigie kelele watu wa soko mmoja mmoja.

Nilidhani yaya naye atafurahi, kwa namna mfiwa anavyoweza kufurahi. Alikuwa anamtazama yule mtoto mkubwa, msichana wa miguu myembamba, aliyekuwa amekaa karibu na moto akinyoosha viganja vyake. Alimtazama muda mrefu, na usoni pake hapakuwa na chuki, wala hapakuwa na amani.

"Alituwaza?" aliuliza. "Alisema kintu juu yetu?"

Mwanamke angeweza kudanganya, na nadhani wengi tungedanganya. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hakukuwa na wakati."

Yaya akakaa chini kwenye sakafu, miguu mbele, kama wanavyokaa wafiwa.

"Ilikuwa heri akuwe mujinga," alisema. "Mujinga ningemusamehe."

Kisha akalia, kwa sauti kubwa, akiliita jina la mume wake, ambalo hakuwa amelitamka tangu mazishi. Mama alitoka chumbani. Watoto wanne wa yaya walisimama mlangoni bila kujua waende wapi. Mimi nilimshika bega moja, na mwanamke yule akamshika la pili, akabaki amemshika mpaka giza lilipoingia, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.