Friji la Bi Mwanaisha na Maji ya Lambo

Bi Mwanaisha wa Handeni hakuwahi kumwamini shemeji yake Hiza hata siku moja, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Hiza ni mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa mafriji kule Korogwe, na kwetu mtu na shemejiye lazima wachambane kidogo ndipo chai ipite kooni. Hiza akisema mvua inakuja, Bi Mwanaisha anatoa mahindi kuanika. Miaka arobaini wamekwenda hivyo.

Basi friji lilipofika, Hiza ndiye aliyekuja kulifunga. Lilitumwa na Hamisa, binti wa Bi Mwanaisha anayefanya kazi za ndani Maskati. Friji refu kama kabati la bwana harusi, milango miwili, na kwenye mlango mmoja pana kidirisha: unasukuma kikombe, maji ya baridi yanashuka yenyewe. Ndani lina kisanduku kinachotengeneza barafu bila kuambiwa. Hiza akavuta mpira mwembamba kutoka kwenye tangi la uani, akaweka na pampu ndogo ya kusukuma maji, akasema, "Shemeji, maji ya bomba tu. Ukilinywesha maji ya lambo litakufa."

"Mbona wewe umeyanywa tangu utoto na hujafa?"

"Mimi nimeyanywa nikawa hivi unavyoniona. Unataka friji liwe na sura hii?"

Bi Mwanaisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Lile neno akaliweka pamoja na matani mengine yote.

Wiki tatu friji lilitoa maji na barafu, majirani wakaja kutazama. Kisha bomba la mtaa likakauka, kama linavyokauka kila kiangazi. Bi Mwanaisha akafanya walivyofanya mama yake na bibi yake: akaagiza madumu ya maji ya lambo, akafunga kanga kwenye mdomo wa tangi, akayachuja mara mbili. Yakaonekana safi. Tope lililo jembamba kuliko uzi wa kanga, nani aliona?

Kwanza barafu zikaja ndogo kama punje za mahindi. Halafu zikaja na mashimo, halafu hazikuja kabisa. Maji ya mlangoni yakawa ya kuchuruzika, yakawa matone, ukabaki mngurumo mtupu. Bi Mwanaisha akalisemesha, akalipiga kofi, akalizima akaliwasha. Kumwita Hiza hakutaka, akachekwe? Hamisa akipiga simu ya video na kusema, "Mama, hebu kinga maji nikuone," anajibiwa umeme umekatika. Siku nyingine simu haina chaji. Ikaenda miezi miwili hivyo, mpaka binti akasema, "Mama, Ijumaa baada ya swala napiga. Sitaki kitu kingine. Nikuone tu unakunywa, moyo wangu utulie." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekonda.

Hapo Hiza akaitwa. Ijumaa alikuja na basi la kwanza.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umechelewa, ndiyo kawaida ya ukoo wenu."

"Ukoo uliokuoa wewe."

Akaanza na madogo. Akatazama kitufe cha kufungia maji, maana wengi huita fundi kumbe wamekibonyeza wenyewe. Hakikuwa kimebonyezwa. Akatazama ule mkono wa waya kwenye kisanduku cha barafu, ambao ukinyanyuka barafu haitengenezwi. Ulikuwa chini, sawasawa. Akaukanda mlango kwa kitambaa cha maji moto, huenda maji yameganda ndani ya mpira. Wapi. Mwisho akachomoa filta, lile chujio lake, akaligonga kwenye sinia. Likatoka tope jekundu, zito, la kukandikia nyumba.

Hiza akamtazama shemeji yake. Shemeji yake akatazama uani.

"Nilichuja," akasema. "Tena mara mbili."

Hiza akalisogeza friji, akaingia nyuma yake na bisibisi, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa na kidude mkononi, kina waya mbili, kimeungua ubavu.

"Valvu hii. Ndiyo inayofunguka maji yapite. Imeshindana na tope mpaka imeungua."

"Haya, cheka basi tumalize. Washa maji."

Hiza hakucheka. Bi Mwanaisha alikisubiri kicheko, akakisubiri, na kilipokosa kuja akavuta kigoda, akakaa.

"Ulisema maji ya lambo yataliua."

"Nilisema."

"Ulisema kwa matani."

"Mimi na wewe, shemeji, ningesema kwa namna gani nyingine?"

Akapiga simu Korogwe, hakuna valvu ya namna ile. Tanga, hakuna. Dar es Salaam wakasema wiki mbili, labda. Msikitini watu walikuwa wameanza kutoka.

"Mwambie mtoto ukweli," Hiza akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake ameliua?"

Kabla hajajibiwa, simu ikaita. Uso wa Hamisa ukajaa kwenye kioo, macho yameingia ndani. "Baba mdogo, shikamoo. Upo? Shika simu basi, nimwone mama vizuri."

Hiza akaishika. Bi Mwanaisha akachukua kikombe cha bati, akakisukuma kidirishani. Friji likanguruma. Halikutoa hata tone.

"Hapa kazini nawakingia watu sita kutwa, friji kama hilo hilo," Hamisa akasema. "Mimi nakunywa ya jikoni, ya moto. Kila nikikinga nasema, haya ni ya mama. Kimejaa?"

Hiza akafumbua mdomo. Bi Mwanaisha akamtupia jicho, naye akaufumba.

"Kimejaa," Bi Mwanaisha akasema. Akakipeleka kikombe mdomoni, akameza.

"Ya baridi?"

"Yanauma meno."

"Kunywa, mama. Yanywe yote."

Bi Mwanaisha akarudisha kichwa nyuma, akameza tena, na tena, koo likipanda na kushuka kavu, maana mtoto alikuwa bado anatazama.