Maji Yangu Yaliyomshinda Mnywaji

Tangu nitoke chuo kikuu nimekuwa mtu wa kuhoji kila kitu, isipokuwa mimi mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nafundisha somo la majaribio katika sekondari moja ya Newala. Nikifanya vizuri, napewa kazi. Mkuu wa shule, Mama Fadhili, alikaa nyuma na daftari lake.

Niliandika ubaoni jinsi haidrojeni na oksijeni zinavyotengeneza maji: H₂ + O₂ → H₂O. Tukahesabu atomi. Kushoto oksijeni mbili, kulia moja.

"Kwa nini tuhangaike na njia ndefu za vitabuni?" nikatamba, nikachomeka 2 ndogo chini ya O. Ikawa H₂O₂. Pande zote zikalingana, nikageuka nikisubiri makofi.

Zuhura, binti wa wakulima wa korosho wa kijiji cha Mkunya, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Bibo lina korosho moja. Ukitaka korosho mbili unaokota bibo la pili, hubandiki korosho nyingine kwenye lilelile."

"Kwani hayo si maji?" akauliza mwenzake.

"Hiyo ni dawa ya kusafishia vidonda," Mama Fadhili akajibu. "Newala maji ni shida, mwalimu, lakini kuyanywa hayo bado."

Darasa likaangua kicheko. Nikampa Zuhura chaki. Akafuta 2 yangu, akaandika 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Mama Fadhili akafunga daftari. "Anayempa mwanafunzi chaki amsahihishe anafaa kufundisha. Jumatatu uanze kazi. Ila kwanza mshukuru aliyekuokoa."

Nilishukuru kwa moyo wote. Nikamwinamia Zuhura, nikasema, "Shikamoo, mwalimu."

Yeye akaziba uso kwa aibu. Darasa zima likaitikia, "Marahaba!"