Kanzu ya Mutua

Nguo ya marekani ikiwa mpya ina harufu yake, ya wanga na vumbi la bohari. Juzi, muuza nguo mmoja wa Ukunda alipoirarua kwa mikono mbele yangu, harufu ile ilinipanda puani nikashika meza. Akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia ni jua. Nilikuwa nimekwenda kununua kitambaa cha kanzu ya binti yangu, ambaye ameomba mwenyewe kubatizwa Pasaka hii, na ghafla nikawa ndani ya stoo ya baba yangu, mtoto wa miaka kumi na moja, mlango umefungwa kwa nje.

Sisi ni Wakamba wa skimu ya makazi. Baba alipewa shamba juu ya Msambweni kabla sijazaliwa, akapanda mahindi, akawa mzee wa kanisa letu dogo la mabati. Kwake kila kitu kilikuwa cha kulia au cha kushoto, na mnazi ulikuwa wa kushoto. "Si mti wetu huo," alikuwa akisema. "Mti usio na matawi, mtu atashikilia wapi?" Kaka yangu Mutua alijifunza kuupanda kwa wana wa Bi Mwanamisi, jirani yetu Mdigo, ambaye alikuwa akicheka mpaka machozi kila alipomwona baba akiipa minazi kisogo na kuhangaikia mahindi. Mutua alikuwa na mdomo mwepesi na usingizi mzito. Tulilala chumba kimoja, na kumwamsha aende shule ilikuwa kazi yangu, mara nyingi kwa kikombe cha maji.

Kanisani kwetu hatukubatiza watoto wachanga. Ulingoja ufike umri wa kujua unalofanya, kisha Jumapili ya Pasaka ukapelekwa baharini na kanzu ya marekani, ukazamishwa kama anayezikwa na kuinuliwa kama anayefufuka. Baba ndiye aliyeshika mabega. Mama alimshonea Mutua kanzu yake, naye Mutua akasema bado. Kama ni jambo la kuchagua, alisema, basi yeye anachagua kungoja. Baba aliuona ule ni ukaidi, wakanuniana. Miezi michache baadaye, mvua ikiwa imetoka kunyesha, Mutua akapanda mnazi aliokatazwa, akateleza.

Tulimzika chini ya mkorosho kando ya nyumba. Kwaya haikuja. Kwa utaratibu wetu, aliyekufa bila kubatizwa hakuimbiwa wimbo wa ufufuo, na baba, aliyeulinda utaratibu huo kwa watoto wa wenzake, hakuweza kuuvunja kwa wa kwake. Alisimama kaburini, kofia mkononi. Nilimchukia siku ile.

Pasaka iliyofuata ikawa zamu yangu. Mama aliitoa ile kanzu kabatini, akaikunja pindo kwa ndani bila kukata, akanipima. Ilikuwa ngumu bado, haijawahi kuoshwa. Ijumaa Kuu, tukiwa mezani, nikasema sibatizwi.

Baba hakunipiga. Alinishika mkono, akanitia stoo pamoja na magunia ya mahindi, akaitundika kanzu kwenye msumari ili niwe nikiitazama. "Utatoka moyo ukilainika," alisema, akapiga komeo. Jioni mama alinitoa nikalale, na asubuhi baba akanirudisha.

Ndani mlikuwa na joto la kutisha. Bati lilikuwa likilia kwa jua, dawa ya fukusi ikinichoma macho, na kila nilipogeuka ile nguo nyeupe ilikuwa pale pale. Nilimwonea Yesu wivu kidogo, maana yeye kaburi lake lilikuwa la mwamba, si la mabati. Lakini hofu yangu haikuwa ya stoo. Niliiona siku ya mwisho waziwazi. Parapanda inalia, makaburi yanafunguka, sisi sote tunapanda juu tukiimba, na pale chini ya mkorosho udongo hautikisiki. Mutua yumo ndani anatusikia tukiondoka.

Adhuhuri nikasikia mchakacho wa kanga ya mtu akipita nyuma ya stoo. Bi Mwanamisi aliingiza mkono kwenye pengo la mbao, na muhogo wa nazi ndani ya jani la mgomba.

"Shikamoo, Bi Mwanamisi."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya nini hata ukafungiwa na mahindi?"

"Baba anasema nisipobatizwa sitafufuka."

"Babayo ana ufunguo wa stoo," akasema. "Wa peponi sijasikia kama amepewa. Haya, kula, usipoe."

Nilikuwa bado nalamba vidole baba alipokuja mlangoni. Hakufungua.

"Mwende, unajua unachokikataa?"

"Najua. Kufufuka."

"Na bado unakataa?"

"Kama Mutua anabaki, na mimi nabaki. Nani atakaa naye?"

Nilingoja aanze kunguruma. Badala yake mbao za mlango zikalia, kama mtu ameuegemea kwa mgongo na kuteremka polepole mpaka chini. Alikaa pale muda mrefu sana. Nilisikia pumzi zake. Mwishowe komeo likatoka. Aliitwaa kanzu msumarini, akaikunja, akaniambia bila kunitazama, "Nenda ukale."

Jumapili tulikwenda baharini na wenzetu. Mchungaji alimwita baba aingie majini kushika mabega. Baba akatikisa kichwa, akabaki mchangani kando yangu, viatu mguuni. Tangu siku hiyo aliuacha uzee wa kanisa, akawa anakaa benchi la nyuma, na kikombe cha meza ya Bwana kilipomfikia alikipitisha bila kunywa. Niliamini wamemwadhibu kwa ajili yangu. Hakuna aliyenieleza, nami niliona haya kuuliza. Nilikuwa nimetoka stoo, lakini nyumba nzima ilikuwa na hewa ya stoo, miaka na miaka. Mimi mwenyewe nilibatizwa nikiwa mtu mzima, kwa miguu yangu, na baba alikuja akasimama mchangani palepale.

Mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, mama alimwambia kwamba kanisa limemtengea kaburi la heshima katika ua wake. Nilikuwepo.

"Nizikeni na Mutua," akasema. "Karibu kabisa. Parapanda ikilia yule hataisikia, mnamjua kwa usingizi. Nitamwamsha mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyemfukuza benchi la mbele. Alikuwa amechagua kubaki na mwanawe, siku ile ile, akiwa amekaa chini nje ya mlango wangu.

Tulipomwosha kwa mazishi, mama aliitoa ile kanzu kabatini. Alikaa nayo mapajani, akafumua pindo kwa wembe mpaka ikarudi urefu wa Mutua, kisha akamwekea baba kifuani, ampelekee. Ilikuwa bado inanukia upya.