Gauni la Mishono Nje

Fundi cherehani yule alikuwa na mkono mwepesi na ulimi usiolala. Akikupima mara moja basi, mwili wako umeshakaa kichwani mwake. Ukinenepa atakuambia, tena mbele za watu: kitambaa hakijarudi, mama, ni wewe umeongezeka. Wanawake wakacheka, na kesho wakarudi.

Kisha ngozi ikamgeuka. Ilianza na kiraka kwenye kiwiko, akakipuuza. Kufumba na kufumbua, mwili mzima mwekundu kama aliyemwagiwa maji ya moto, na magamba yanadondoka juu ya vitambaa vyeusi. Jua linawaka, yeye anatetemeka kwa baridi. Akalazwa, akatibiwa, akarudishwa nyumbani na kopo la mafuta ya mgando na neno la daktari: ugonjwa huu hauambukizi.

Lakini neno la daktari lilikuta la jirani limeshatangulia. Wateja hawakumkimbia, la hasha, watu wana adabu zao. Kila mmoja alikuja na gauni kuukuu mkononi, eti fundi afuatishe hilo tu, asijisumbue kupima. Futi yake ikaning'inia msumarini mpaka ikashika vumbi. Na kwa kuwa kila mshono ulimkata kama wembe, akawa anavaa gauni lake nje ndani. Mtaa ukasema sasa na akili zimemtoka.

Siku moja akaingia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye tangu harusi hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana. Alileta kitambaa cha kuvaa siku ya kumwoza bintiye. Fundi akamwambia akalete gauni la zamani. Wifi akavua mtandio, akainua mikono.

"La zamani ulinibana kwapa. Pima."

"Nitakumwagia magamba, wifi."

"Maneno umenimwagia miaka yote hii, nimekufa? Pima. Na kiuno usikitangaze."

Fundi akaitungua futi, akaifuta vumbi. Vidole vilivyopasuka vikapita mabegani, kifuani, kiunoni, polepole. Unga mweupe wa magamba ukabaki begani kwa wifi.

Tangu augue, mteja akitoka, fundi alikuwa na mazoea ya kuchungulia dirishani amwone anavyojikung'uta. Siku hiyo wifi alipotoka, hakuchungulia. Alijikung'uta, hakujikung'uta, shauri yake. Fundi alitandaza kitambaa mezani, akashika mkasi.